Ramani ya Majivu

Watu wengi wanaojenga nyumba mjini Lilongwe, wakiisha kupata kiwanja na kusimamisha kuta, huanza habari ya jiko kwa kuulizia bei ya makabati. Nami niliyejifunza useremala Uvira, nchini Kongo, katika ujana wangu, na kuuendeleza hapa Dzaleka baada ya vita kutuondoa kwetu, nimeshuhudia mara nyingi ya kwamba swali hilo, ijapokuwa ni haki ya mwenye kutoa fedha, hutangulia wakati wake, kwa maana makabati ni nguo, na nguo haikatwi kabla hajapimwa atakayeivaa. Anayestahili kupimwa ni mpishi: kimo chake, kiwiko chake, chakula anachokipika kila siku, watu anaowapikia, na wale wanaoketi pamoja naye anapopika. Rai hii sikuipata katika chuo cha ufundi, bali katika kibanda cha mama yangu mzazi, Mungu amrehemu, aliyepika miaka mingi mahali ambapo mtu mzima akinyosha mikono hugusa kuta zote mbili.

Dzaleka iko katika wilaya ya Dowa, nchini Malawi, mwendo wa zaidi ya kilomita 40 kutoka Lilongwe. Zamani za utawala wa Dkt. Hastings Kamuzu Banda, rais wa kwanza wa Malawi, palikuwa gereza, na miongoni mwa waliofungwa humo walikuwamo watu waliokamatwa kwa ajili ya siasa. Mwaka 1994 pakageuzwa makazi ya wakimbizi, yakakadiriwa kuwatosha watu 10,000 au zaidi kidogo, na leo tumepita 50,000, Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Waethiopia na Wasomali, nasi wengi wetu hukutana sokoni na bombani kwa Kiswahili. Katika msongamano huo kila nyumba ina ardhi haba. Kuta zetu ni za matofali mabichi tuliyoyafyatua wenyewe, na jiko aghalabu ni kibanda kilichoegemezwa ukuta wa nyuma, au ni uwanja tu chini ya ukingo wa paa, ambapo mvua za Novemba hadi Aprili humfukuza mpishi akaingia ndani pamoja na moshi wake. Wapo wageni waliopita hapa, wakatazama vibanda hivyo wakavihurumia, na huruma yao ilikuwa ya kweli. Walakini sikumwona aliyeketi ndani ya kimoja hata ugali ukaiva, akatazama mikono ya mwenyewe inavyokwenda.

Mama aliketi juu ya kigoda, uso ukielekea mlangoni. Jiko la mkaa lilikuwa kushoto kwake, karibu na mlango ili moshi usipate safari ndefu, lakini nyuma ya ukuta mfupi alioujenga ili upepo wa mwera usipulize makaa. Ndoo ya maji yenye kifuniko ilikuwa kulia kwake, imekalishwa juu ya matofali, kimo cha mkono wake. Chumvi, mafuta na viberiti vilikaa katika shubaka alilolichimba mwenyewe ukutani kabla udongo haujakauka, usawa wa bega lake akiwa ameketi. Unga ulitundikwa juu kwa kamba kwa sababu ya panya. Na kinu cha kutwangia sombe, yaani majani ya muhogo, kilisimama nje, chini ya ukingo wa paa, kwa kuwa mchi hutaka nafasi juu ya kichwa cha mtwangaji. Nilipokuwa nikimtazama nilitambua jambo ambalo hakuna mwalimu aliyenifundisha: mkono wake haukupita kamwe juu ya moto kufuata kitu. Kila alichokihitaji kabla ya chungu kuinjikwa kilikuwa kulia, na kila alichokihitaji baada ya chungu kuepuliwa, yaani sahani, upawa na sinia, kilikuwa upande wa mlango ambapo watoto walipokea chakula. Nikamwuliza kwa nini sahani haziweki pamoja na chumvi, naye akanijibu, “Mwanangu, mtoto akija kuchukua sahani asinikute na mafuta ya moto mkononi.”

Baadaye, nilipopata kusoma habari za wajenzi wa ng’ambo, nilistaajabu kuona ya kwamba hesabu iyo hiyo ilikwisha kufanywa kwa karatasi na saa ya mkononi. Bibi Margarete Schütte-Lihotzky, mzaliwa wa Austria na mmoja wa wanawake wa kwanza wa nchi yake kusomea usanifu wa majengo, alichora mwaka 1926 jiko la nyumba za wafanyakazi wa mji wa Frankfurt, lenye upana wa mita 1.9 na urefu wa mita 3.4, na majiko ya namna hiyo yakajengwa yapata 10,000. Alizihesabu hatua za mpishi kutoka moto hadi karo na kutoka karo hadi meza. Alichungua jiko la behewa la chakula katika treni, ambamo watu wachache hupikia wasafiri wengi katika chumba chembamba. Akampa mpishi kigoda kinachozunguka ili aketi akikata mboga mbele ya dirisha. Akatengeneza vitoto vya meza vya alumini vya kutilia mchele na sukari, na kile cha unga akakifanya cha mti wa mwaloni ili wadudu wasiupende. Nilipofika penye kigoda niliweka kitabu chini nikamkumbuka mama.

Aliyesimamia kazi ile yote ya Frankfurt ni Ernst May, na habari yake inatuhusu watu wa Afrika Mashariki kuliko wengi wetu tunavyojua, kwani mwaka 1934 alihamia Tanganyika, kisha akafanya kazi Kenya, akachora mpango wa kuupanua mji wa Kampala katika miaka ya 1945 hadi 1947, na Hoteli ya Oceanic iliyojengwa Mombasa ilikuwa kazi ya mkono wake, hata aliporudi Ujerumani alikuwa amekaa pande zetu karibu miaka 20. Naona ni haki tuyajue hayo, tusidhani ya kwamba elimu ya kupanga jiko imetujia jana katika magazeti yenye picha za rangi.

Hata hivyo sikubaliani na Bibi Schütte-Lihotzky katika kila jambo, na hili nalisema kwa heshima, kwa kuwa huyu alikuwa mtu wa moyo mkuu, aliyetiwa gerezani na Wanazi mwaka 1941 akakaa humo mpaka vita vikaisha. Jiko lake lilikusudiwa mwanamke mmoja, peke yake, mlango umefungwa. Mtu wa pili akiingia humo ni kizuizi. Katika nyumba zetu mpishi hawi peke yake. Yuko anayechambua maharage, yuko anayetwanga, yuko mtoto anayefundishwa kusonga, yuko jirani aliyekuja kuomba moto akaketi kwa mazungumzo, na yuko mkwe au bibi ambaye hawezi tena kupika lakini hawezi pia kukaa mbali na mapishi. Kutoka kwa Bibi Schütte-Lihotzky nilichukua ile hesabu ya hatua, lakini upana niliuongeza. Ili watu wawili wapitane migongo pasipo mmoja kusukuma sufuria ya mwenziwe, huhitajika mita 1.2 kati ya kaunta na kaunta, au kati ya kaunta na ukuta, na katika hilo sikubali kupunguza hata kama mwenye nyumba anaona nafasi inapotea bure.

Mwaka 2022 mpwa wangu, binti wa dada yangu, aliyeolewa na Mmalawi na kujenga naye nyumba Area 25, upande wa kaskazini wa mji wa Lilongwe, aliniomba nimpangie jiko la kujengewa ndani, makabati na kaunta na vyote. Wakati huo haikuwa imetolewa bado ile amri ya Serikali ya mwaka 2023 iliyowarudisha Dzaleka wakimbizi waliokuwa wakikaa na kufanya biashara mijini, nami nilikuwa nikienda Lilongwe kwa ruhusa ya maandishi, nikiwa na futi kamba, pima maji na penseli mfukoni. Chumba kilichotengwa kilikuwa na mita 3.6 kwa mita 3, chenye mlango wa kutoka chumba cha kulia, mlango wa uani, na dirisha moja linaloangalia uani. Mpwa wangu alikuwa na picha aliyoikata katika gazeti la Afrika Kusini: makabati meupe yanayong’aa kutoka sakafu hadi dari, na katikati ya chumba kaunta iliyosimama peke yake kama kisiwa. Sikuidharau picha ile, kwa kuwa mtu aliyezaliwa katika nyumba ya matofali mabichi ana haki ya kutamani kitu kinachong’aa, na tamaa hiyo ni sehemu ya mpango vilevile. Nilimwomba aiweke kando, tuanze na chakula.

Akanitajia: ugali mchana na jioni, wa mahindi kwa ajili ya mumewe na watoto, na wa muhogo siku ambazo yeye mwenyewe anaikumbuka Uvira, maharage, sombe siku za Jumamosi, usipa (samaki wadogo) wa kukaanga, ambao harufu yake hukaa katika mapazia siku mbili, chapati wageni wakija, na chai ya maziwa alfajiri kwa watu wote wa nyumba. Akataja pia ya kwamba mama mkwe wake anakaa nao, na ya kwamba mahindi hununuliwa kwa magunia msimu wa mavuno, kisha hupelekwa kwenye mashine ya kusaga kidogo kidogo. Basi tulikuwa na mambo manne ambayo hayakuwamo katika picha: sufuria kubwa ya ugali, kinu, harufu ya samaki, na gunia.

Alipokuja Dzaleka kuwasalimu wazee, nilizoa majivu katika debe nikalichora jiko lake uani petu, kadiri ya ukubwa wake halisi, kila mlango mahali pake na dirisha mahali pake. Kaunta zilikuwa matofali yaliyopangwa na mbao juu yake. Karo lilikuwa beseni. Friji ilikuwa kreti za soda zilizopandanishwa hadi kimo cha mtu. Kile kisiwa cha katikati kilikuwa meza yangu ya kazi. Kisha nikawasihi yeye, mke wangu na shangazi yetu wapike, pasipo moto wala chakula, kuanzia kuosha sufuria hadi kupakua, wakifungua milango isiyokuwapo na kuepua vyungu vitupu. Watoto wa majirani walijaa kutazama, nao wakawekwa humo humo ndani, kwa kuwa jiko lisilo na watoto miguuni si jiko la kwetu na kipimo chake hakiaminiki.

Ramani ya namna hiyo husema mambo ambayo karatasi huyaficha. Mlango wa chumba cha kulia, ukifunguka kwa ndani, uligonga friji. Tukaugeuza ufunguke upande wa pili. Mtoto aliyetaka maji ya baridi alilazimika kupita kati ya moto na karo. Tukahamisha friji ikakaa karibu na mlango wa chumba cha kulia, mtoto achukue maji akiwa amesimama kizingitini. Mpwa wangu alipoinua sufuria kubwa, tuliyoijaza maji ya kweli ili uzito uwe wa kweli, akitaka kuipeleka uani, alikizunguka kisiwa mara ya kwanza, akakigonga kwa nyonga mara ya pili, na mara ya tatu akaiweka sufuria chini, akasema, “Mjomba, hiki cha katikati kitaniunguza.” Nikamjibu ya kwamba jiko ni lake na shauri ni lake. Akaiondoa meza kwa mikono yake.

Wamarekani, katika utafiti uliofanywa kwenye Chuo Kikuu cha Illinois miaka ya 1940, walifundisha ya kwamba moto, karo na friji vikae katika pembetatu ambayo jumla ya pande zake isizidi mita 8 hivi. Ni kanuni njema, na ramani yetu iliifuata bila kuikusudia, kwa kuwa tuliyapanga mambo kwa kufuata safari ya chakula chenyewe: kutoka friji na ghala ya unga karibu na mlango wa ndani, hadi karo chini ya dirisha, hadi kaunta ya kukatia, hadi moto, hadi mlango wa uani. Sehemu nzuri kupita zote niliitenga kati ya karo na jiko la umeme, dhiraa mbili, yaani karibu mita moja, isiyowekwa kitu chochote juu yake. Maana fundi asiyejua kupika huvipa karo na moto ujirani wa karibu mno, na mpishi akabaki akikatia vitunguu juu ya kifuniko.

Hapo palibaki ugali, na juu yake nitakaa kidogo, kwa sababu sijapata kuona kitabu cha majiko kilichouandika. Kaunta na majiko ya umeme yaliyotoka viwandani hufanywa kimo cha sentimita 90 hivi, kimo kinachomfaa mtu anayekoroga mchuzi kwa kijiko. Lakini ugali wa watu wengi hausongwi kwa kiganja, husongwa kwa bega na mgongo, na mwiko hushikwa kwa mikono miwili. Mwanamke wa kimo cha kawaida, sufuria ikiwa juu ya jiko la sentimita 90, mikono yake hupanda juu ya kiwiko, nguvu yote ikaenda katika vifundo na shingo, na sufuria, kwa vile imekalia bamba laini, huzunguka pamoja na mwiko mpaka mtu wa pili aitwe kuishika kwa matambara. Nimewaona wanawake wa Lilongwe wenye majiko ya umeme ya thamani kubwa wakiteremsha sufuria sakafuni ili wamalizie nsima, yaani ugali, wakiwa wameiinamia, na sidhani ya kwamba wao ndio wenye kasoro. Basi nilijenga, nje ya mlango wa uani, ulingo wa matofali ya kuchoma wenye kimo cha sentimita 45, na juu yake fundi wa kuchomelea vyuma akatusimamishia pingu mbili za nondo, zinazofunguka na kukaza masikio ya sufuria, hata ikawa mpwa wangu anaweza kusonga ugali wa nyumba nzima akiwa ameketi juu ya kigoda au amesimama kwa kuinama kidogo, peke yake, na sufuria isitikisike.

Kuuweka ulingo huo nje hakukuwa kwa ajili ya ugali peke yake. Malawi hupata sehemu kubwa ya umeme wake katika maji ya mto Shire, na mnamo Januari 2022 tufani iliyoitwa Ana ilipoharibu bwawa la kituo cha Kapichira, nchi ikapoteza karibu theluthi ya umeme wake, na kukatika kwa umeme, ambako watu walikuwa wamekuzoea kwa saa, kukawa jambo la kila siku. Nyumba yenye moto wa namna moja ni nyumba itakayolala njaa siku moja. Lakini moto wa pili ukiwa wa mkaa au kuni, haufai kuwekwa katika chumba chenye milango ya kufungwa na madirisha ya vioo, kwa sababu mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, ambayo humchukua mtu usingizini. Na moshi wa kuni huua polepole, kwa kadiri ambayo Shirika la Afya Duniani lilikisia vifo milioni 3.2 ulimwenguni katika mwaka 2020 kwa sababu ya moshi wa majumbani. Kwa hiyo nyumba ya mpwa wangu ikapata majiko mawili yaliyoshikana: la ndani, lenye karo, makabati na jiko la umeme, na la nje, chini ya khonde, yaani varanda, lililoezekwa bati na kuachwa wazi pande mbili, lenye ulingo, jiko la mkaa, chitetezo mbaula, yaani jiko la udongo linalotumia kuni chache, mahali pa kinu, na mahali pa kukaangia usipa.

Wazee wa pwani yetu walikwisha kuyafahamu hayo. Katika nyumba za mawe za Lamu jiko liliwekwa juu kabisa, darini, chini ya makuti, ili moshi na harufu vipande mbinguni visishuke vyumbani. Na katika nyumba ya Kiswahili ya kawaida, kuanzia Mombasa hadi Kigoma na Ujiji, mapishi yalikaa uani, nyuma ya vyumba, penye sitara na hewa. Anayeibomoa hekima hiyo ili jiko lote liingie ndani kama katika picha, anapaswa kwanza aniambie moshi atauelekeza wapi.

Kuhusu kimo cha kaunta ya ndani, nilimsimamisha mpwa wangu, nikamkunja mkono, nikapima kutoka kiwiko hadi sakafu, kisha nikashusha sentimita 12, ikawa sentimita 88. Palipokusudiwa kukandia chapati nilishusha zaidi, maana anayekanda huegemea unga kwa uzito wa mwili. Kwa mama mkwe wake nilikuwa nimekusudia kaunta fupi ya kukatia mboga akiwa ameketi. Bibi huyu, tuliyemwita Agogo kama wajukuu wake walivyomwita, alikuwa mtu wa vijiji vya Dowa, mwenye maneno machache, na magoti yake yalikuwa yamechoka. Nilipomaliza kumwonyesha kila kitu, hapa karo, hapa friji, hapa masufuria, aliitika kwa adabu kila nilipoonyesha, kisha akauliza kwa Chichewa, mpwa wangu akinifasiria, “Fundi, kila kitu umekipa mahali pake. Na mimi nitakaa wapi?”

Kaunta ile fupi nikamwonyesha. Akaitazama, akasema ya kwamba pale angekuwa amewapa mgongo watu wanaopika, na angekuwa akiangalia ukuta. Alitaka kukaa pembeni ya mlango, kati ya jiko la ndani na la nje, awaone wakwe na wajukuu wote kwa pamoja, aone moto na aone uani. Tukamjengea hapo baraza fupi ya saruji, upana wa viti viwili, kimo cha sentimita 50 ili magoti yasipate taabu ya kuinuka, na ukutani juu yake nikatia kishikio cha mti wa mlombwa, uleule tunaouita mninga, cha kujivutia anapotaka kusimama. Ile kaunta fupi ikageuka kuwa ubao wa kukunjuka mbele ya baraza, juu ya bawaba mbili, ambapo huchambulia maharage na kukatia bamia. Katika kazi yote ile, hapo ndipo nilipotumia muda mwingi kuliko mahali pengine, na laiti ningepewa kukijenga kitu kimoja tu katika kila jiko la Malawi, ningeijenga baraza hiyo.

Juu ya vifaa sina maneno mengi. Mchwa wa Lilongwe hawaheshimu mbao inayogusa sakafu, na yale mabamba ya unga wa mbao yaliyogandishwa kwa gundi huvimba maji yakipenya kwenye kingo zake. Kwa hiyo nguzo za kaunta tulizijenga kwa matofali, juu tukamwaga zege na kulaza vigae, na mbao za misonobari kutoka mashamba ya Viphya zikatumika kwa milango na rafu tu. Masufuria tuliyawekea vitoto vya meza virefu vinavyovutwa mbele, badala ya kabati lenye giza linalomlazimu mtu apige magoti na kutafuta kwa kupapasa. Gunia la mahindi lilipata sanduku lake kando ya mlango wa ndani, juu ya vipande vya mbao ili hewa ipite chini. Rangi nyeupe ya kung’aa mpwa wangu aliipata, na ilipendeza.

Habari za jiko hilo zilifika Dzaleka kabla yangu, na mjane mmoja wa Kirundi, jirani yetu, mwenye watoto wadogo na nyumba ya vyumba viwili, akanijia kwa haya akaniuliza kama mpango wa namna ile unawezekana kwa mtu asiye na makabati. Nilifurahi sana kuulizwa. Nyuma ya nyumba yake palikuwa na nafasi ya pima moja kwa pima moja na nusu. Tukachora: ulingo wa matofali wa kimo cha goti kwenye ukuta wa mwisho, umekingwa na mwera, juu yake tundu pana kati ya ukuta na paa la kutolea moshi, kulia kwake kidato cha matofali cha kukalishia ndoo, ili asiiname kila akiteka maji, mashubaka matatu yaliyochimbwa usawa wa bega la mtu aliyeketi, nje, uchanja wa miti wa kuanikia vyombo, na mahali pa kinu. Akaupokea mpango wote, ila mlango. Mimi niliuweka upande wa bombani, ili apunguze hatua za kubeba maji. Yeye akautaka upande wa pili, uelekeane na mlango wa jirani yake Mkongo, kwa sababu wawili hao hugawana mkaa, na mmoja akienda kwenye foleni ya maji mwenziwe huangalia vyungu vya wote wawili. Tukauhamisha. Matofali alikuwa nayo, aliyafyatua na wanawe wakati wa kiangazi. Bati moja tulilipata kwa fundi aliyekuwa ameezua paa, na kabla ya mvua za Novemba alikuwa anapikia humo.